Je, Wajua? Mtoto wa Usenge na Mtihani wa Dawa

Je, wajua kwamba kipimo cha akili ambacho vipimo vingi vya leo vimetokana nacho kilitungwa ili kuwasaidia watoto waliobaki nyuma? Alfred Binet na Théodore Simon walikitoa Ufaransa mwaka 1905, kuwatambua wanafunzi waliohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Binet hakukubali kwamba akili ya mtoto ikishapimwa haibadiliki tena.

Mwaka 1983 Howard Gardner wa Marekani alitaja aina saba za akili, zikiwemo za lugha, muziki, mwili na kuelewana na watu. Walimu wengi waliipokea nadharia hiyo kwa mikono miwili, lakini wanasaikolojia wengi wanaona ushahidi wake ni haba. Wanakumbusha alichokionyesha mwanasaikolojia mwenzao Charles Spearman mwaka 1904: anayefanya vizuri katika jaribio moja mara nyingi hufanya vizuri katika mengine pia.

Mara nyingi, si kila mara. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Mbali na majaribio ya kawaida, waliwauliza kuhusu miti shamba: mtoto nyumbani ana homa, koo na kichwa vinamuuma kwa siku tatu, kati ya dawa hizi tano, ipi itamfaa? Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, nayo yanashangaza. Waliozijua dawa vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Watafiti walieleza kwamba muda wa mtoto una mipaka, na familia nyingine ziliona maarifa ya kijijini yatamfaa kuliko ya darasani. Kwangu mimi, mtoto anayejua dawa ya kumtibu mdogo wake ana akili, hata kama karatasi ya mtihani haina swali hilo.

Je, wajua pia kwamba mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo? Kwa waya, kitu ambacho watoto wa Lusaka hutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia walishinda. Kwa kalamu na karatasi walishinda Waingereza. Kwa udongo wa mfinyanzi, walitoka sare.