Mafuta Katika Mgao Wako: Yana Kazi Gani Mwilini?



Siku ya mgao, nafaka hujaza gunia na maharagwe hujaza mfuko, lakini mafuta ni kidogo tu ndani ya chombo. Kwa kuwa yana bei nzuri sokoni, mara nyingi ndiyo yanayouzwa kwanza ili kulipia kusaga mahindi, kuni, sabuni au daftari la mtoto. Hatumlaumu mtu yeyote. Tunataka tu kila familia ijue thamani ya mafuta hayo kabla ya kuyauza.

Nyumbani tuliyapata wapi?

Wengi wenu mliotoka Juba kwa sababu ya mapigano ya Desemba 2013 au ya Julai 2016 mnakumbuka mlivyokula. Katika mtaa kama Atlabara, hata mama asiye na chupa ya mafuta jikoni aliweza kuwapa watoto mafuta, kwa sababu yalikuwa ndani ya chakula chenyewe: karanga zilizosagwa na kutiwa kwenye mboga, simsim, samaki wa mto Nile, maziwa, na mafuta ya lulu yaliyokamuliwa vijijini. Kambini vyakula hivyo ni haba. Kazi yote iliyofanywa na karanga, simsim, samaki na maziwa sasa imeachiwa chombo kimoja cha mafuta ya kupikia.

Kazi za mafuta mwilini

Wataalamu huyaita mafuta ya mwilini na ya chakula kwa jina moja, lipidi. Kazi zake kubwa ni hizi:

1. Kutia nguvu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4 tu.

2. Kujenga mwili. Kila chembe ya mwili imezungukwa na ngozi nyembamba iliyotengenezwa kwa mafuta. Ubongo ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya uzito unaobaki ni mafuta. Yako mafuta ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza wenyewe. Ni lazima yatoke kwenye chakula.

3. Kubeba vitamini. Vitamini A, D, E na K huingia mwilini zikiwa pamoja na mafuta. Ukipika mlenda (kudra) au majani ya kunde kwa maji na chumvi peke yake, sehemu kubwa ya vitamini A hupita bure. Kijiko cha mafuta huisaidia kuingia mwilini. Aidha, mafuta ya msaada huwa yameongezwa vitamini A na D kiwandani.

4. Kuhifadhi joto na kukinga viungo vya ndani, kama vile figo.

Hesabu ya mgao

Mashirika yanapopanga chakula cha dharura hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na angalau asilimia 17 ya nguvu hiyo itokane na mafuta. Hiyo ni kama gramu 40 za mafuta kwa siku.

Tuchukue mfano wa mtu anayepata gramu 400 za mahindi, 60 za maharagwe na 30 za mafuta kwa siku. Mahindi na maharagwe yake yana kiasi cha gramu 16 za mafuta. Ukijumlisha na zile 30, anafikia kiwango. Akiuza mafuta yote, anabaki na gramu 16, yaani chini ya nusu ya anachohitaji. Vilevile anapoteza kilokalori 270 kila siku. Ili azirudishe kwa unga, anahitaji karibu gramu 80 zaidi kila siku. Kabla ya kukubali bei ya mnunuzi, fanya hesabu hii.

Nani wa kwanza?

Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Hawezi kula uji mwingi wa kutosha kupata nguvu anayohitaji. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kikichanganywa katika bakuli la uji huongeza kilokalori 40 hivi bila kumjaza tumbo. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao wanahitaji mafuta. Karibu nusu ya nguvu iliyo katika maziwa ya mama hutokana na mafuta.

Angalizo: mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Asipewe uji wala mafuta.

Hata chakula cha tiba cha pakiti, kile cha karanga kilichobuniwa nchini Ufaransa mwaka 1996 kwa watoto wenye utapiamlo mkali, kina mafuta mengi. Pakiti ya gramu 92 hutoa kilokalori 500, na karibu nusu yake au zaidi hutokana na mafuta. Chakula hicho ni dawa ya mtoto mgonjwa; usimgawie mwingine wala usikiuze.

Je, mafuta mengi hayadhuru?

Yakizidi, hudhuru. Lehemu ni aina ya lipidi ambayo mwili huihitaji, na ini huitengeneza. Ikizidi katika damu huganda ndani ya mishipa na kuleta maradhi ya moyo na kiharusi. Mtu mzima mwenye unene au shinikizo la damu apunguze vyakula vya kukaanga na mafuta yanayoganda. Lakini kwa mtoto aliyekonda, hatari iliyo karibu ni upungufu.

Jinsi ya kuyatunza

- Weka mafuta katika chombo safi chenye kifuniko, mahali penye kivuli. Jua na hewa huharibu vitamini A na kuyafanya yachache.
- Usitumie chombo kilichowekwa mafuta ya taa au dawa ya wadudu.
- Usikaangie tena na tena mafuta yaliyokuwa meusi.

Kama ni lazima uuze

Tenga kwanza fungu la watoto. Mtoto mmoja akipewa vijiko viwili vya chai kwa siku, kimoja katika kila bakuli la uji, kwa mwezi atatumia kama mililita 300, yaani chupa moja ndogo ya soda. Jaza chupa hiyo kwa kila mtoto mdogo, uifunge, uiweke mbali na jua. Kinachobaki ndicho cha kupikia, au cha kuuza. Kama kambi yako hupokea fedha badala ya chakula, nunua chupa hiyo kwanza, au karanga na simsim.

Ukimwona mtoto akikonda, akivimba miguu, au akipapasa njia jua linapotua kwa kuwa haoni, usingoje siku ya mgao. Mpeleke kituo cha afya leo.