Babu Hakuhama, Mpaka Ndio Uliohama

Ukoo wa Wahangaza wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, Tanzania, haufuatwi kwa jina la mwisho. Kwa desturi kila mtoto alipewa jina lake, kama ilivyo Burundi na Rwanda, hivyo ndugu wa tumbo moja huandikwa kwa majina yasiyofanana kabisa. Mwenye kumtafuta babu kwa jina lililo kwenye cheti chake mwenyewe atapotea mapema. Aanze kwa kuuliza ukoo na mwiko wake.

Mgongano mkubwa huwa juu ya mahali. Daftari la ubatizo husema babu alizaliwa Urundi, yaani Burundi ya leo, huku shangazi akiapa kwamba mzee hakuwahi kutoka Bugufi. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Enzi za Wajerumani, Bugufi, ambayo leo imo Ngara, ilihesabiwa Urundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Ubelgiji ikakabidhiwa Ruanda-Urundi, lakini Bugufi ikaingizwa Tanganyika chini ya Waingereza. Familia iliamka nchi nyingine bila kufunga hata mzigo mmoja. Katika wilaya jirani ya Biharamulo nako karatasi zina mitego yake: Chato ilikuwa ndani ya wilaya hiyo hadi ilipomegwa mwaka 2005, na mkoa wenyewe wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979.

Kuhusu umri, daftari la parokia lililojazwa mtoto akiwa mchanga lina uzito kuliko cheti kilichokatwa ukubwani, ambacho mwaka wake mara nyingi ni wa kukadiria. Kuhusu baba, karatasi ndiyo ya kutiliwa shaka. Kwa desturi ndugu wa baba naye ni baba, na karani aliandika alilotajiwa.

Iko pia hofu, na hii inastahili heshima. Ngara ilipokea Wanyarwanda waliokimbia nchi yao tangu 1959, wengine wakakaa katika makazi ya wakimbizi ya Muyenzi. Mwaka 1994 wengine robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja. Operesheni Kimbunga ya 2013 iliwaondoa wengi walioonekana wahamiaji haramu, wakiwemo waliokaa miongo mingi. Mzee anayefupisha habari za asili yake huenda analinda watoto wake. Asibanwe mbele ya watu.

Anayetafiti amsikilize mzee kwanza, aandike maneno yake kama yalivyo pamoja na tarehe na jina la msemaji, ndipo amwoneshe karatasi. Akitanguliza karatasi, mzee ataifuata, na simulizi ya awali haitapatikana tena.