Je, Wajua? Nani Mkubwa Ndani ya Kundi

Je, wajua kwamba "kundi" la wanahisabati lina masharti yake? Ni seti yenye tendo moja linalounganisha memba wawili na kutoa wa tatu. Mabano hayabadili jibu, yupo memba mmoja mtulivu asiyebadili kitu (kama 0 katika kujumlisha), na kila memba ana kinyume chake. Namba kamili pamoja na kujumlisha ni kundi. Mizunguko ya mraba ni kundi. Hata misuko ya nyuzi ni kundi, na hiyo ndiyo tamu kuliko zote.

Je, wajua kwamba si kila kundi linakubali kupangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa? Tunataka mpangilio usiovurugwa na tendo: kama a ni mdogo kuliko b, basi ukiwaunganisha wote wawili na c kwa upande wa kushoto, a abaki mdogo. Kundi likiweza hivyo, linapangika kushoto. Mpangilio uleule ukistahimili kushoto na kulia, kundi linapangika pande zote mbili. Tofauti ya haya mawili inaonekana ndogo, lakini humo ndimo utamu wote ulimo.

Je, wajua kwamba saa ya ukutani haipangiki? Sema 1 ni kubwa kuliko 0. Ongeza 1 kila upande: 2 inaipita 1, 3 inaipita 2, mpaka 12 inaipita 11. Lakini kwenye saa, 12 na 0 ni mahali pamoja, kwa hiyo 0 imekuwa kubwa kuliko 0! Ukianza kwa kusema 1 ni ndogo, unakwama vilevile. Memba yeyote anayerudi mwanzo baada ya hatua kadhaa anaua mpangilio, isipokuwa yule mtulivu mwenyewe. Ndiyo maana hakuna kundi lenye idadi ya memba iliyo na kikomo, wakizidi mmoja, linaloweza kupangwa.

Je, wajua kwamba kwa makundi ambayo ab daima ni sawa na ba, kizuizi pekee ni memba wa aina hiyo anayerudi mwanzo? Aliyethibitisha ni Friedrich Wilhelm Levi, katika makala ya mwaka 1942 iliyochapishwa India. Levi alikuwa Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Utawala wa Wanazi ulimnyang'anya kazi ya ualimu wa chuo kikuu mwaka 1935, akahamia Calcutta na kuendelea na utafiti wake huko.

Je, wajua kwamba namba kamili zina mipangilio miwili tu, ule wa kawaida na ule uliogeuzwa? Lakini chukua jozi za namba kamili (m, n), kisha upe kila jozi thamani ya m + n√2. Hakuna jozi mbili zitakazogongana, kwa sababu √2 haiandikiki kama sehemu, hivyo umepata mpangilio kamili. Badili √2 kwa namba nyingine ya aina hiyo, utapata mpangilio mwingine. Mipangilio hii ni mingi kiasi kwamba hata orodha isiyo na mwisho haiwezi kuitaja yote. Peter Linnell alithibitisha jambo la ajabu zaidi: idadi ya mipangilio ya kushoto ya kundi lolote ama ina kikomo, ama inazidi kila orodha. Hakuna hali ya katikati.

Je, wajua kwamba mpangilio unaweza kulazimisha ab iwe sawa na ba? Otto Hölder alionyesha mwaka 1901 kwamba kundi lililopangwa pande zote, ambalo hakuna memba chanya (yaani mkubwa kuliko mtulivu) aliye mdogo mno hata akijirudia mara nyingi kiasi gani asimfikie mwenzake, kwa hakika limo ndani ya namba halisi na kujumlisha kwake.

Sasa misuko. Emil Artin aliiingiza kwenye aljebra miaka ya 1920: nyuzi zimening'inia sambamba, tendo ni kusuka msuko mmoja kisha kuunganisha mwingine chini yake, na kinyume ni kufumua. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejua kama inapangika. Jibu lilitoka kusikotarajiwa. Mfaransa Patrick Dehornoy, aliyekuwa akichunguza seti kubwa zisizo na mwisho, alichapisha uthibitisho mwaka 1994. Kanuni yake ni hii: tazama mvuko wa kushoto kabisa uliotumika. Ukiweza kuuandika msuko ili mvuko huo utokee bila kinyume chake hata mara moja, msuko ni chanya. Kila msuko usio mtupu ama ni chanya, ama kinyume chake ni chanya, wala haiwezekani vyote viwili.

Lakini pande zote mbili? Haiwezekani, nyuzi zikifika tatu. Ita A mvuko wa uzi wa kushoto juu ya wa kati, na B mvuko wa wa kati juu ya wa kulia. Suka A, kisha kinyume cha B. Sasa zungusha nyuzi zote nusu mzunguko kabla ya msuko huo, na uzifungue nusu mzunguko baada yake: A na B zimebadilishana nafasi, na msuko umegeuka kuwa kinyume chake mwenyewe. Mpangilio wa pande zote ungeudai uwe chanya pamoja na kinyume chake. Mistari michache tu, na suala limekwisha.

Je, wajua kwamba kila fundo lina kundi lake, na makundi hayo yote yanapangika kushoto? Kundi la fundo rahisi kuliko yote, lenye mivuko mitatu, halipangiki pande zote. Lile la mivuko minne linapangika, kama Bernard Perron na Dale Rolfsen walivyoonyesha mwaka 2003.

Je, wajua kwamba mpangilio hulinda kuzidisha? Chukua jumla mbili zisizo sufuri za memba wa kundi lililopangwa pande zote, uzizidishe. Mkubwa wa kwanza akikutana na mkubwa wa pili, zao lao halina wa kulifuta, hivyo jibu kamwe haliwi sufuri. Irving Kaplansky aliuliza kama ndivyo ilivyo kwa kila kundi ambalo memba wake, ukimwacha mtulivu, hawarudi mwanzo. Dhana nyingine inayohusishwa na jina lake ilidai kwamba katika makundi hayo jumla yenye kinyume cha kuzidisha lazima iwe na memba mmoja tu. Mwaka 2021 Giles Gardam, akisaidiwa na kompyuta, alipata jumla ya memba 21 yenye kinyume, katika kundi lisilopangika, kwa hesabu ambayo 1 + 1 = 0. Swali la sufuri bado halijajibiwa.