Korti za Huku na za Ng'ambo: Kwa Nini Zinafanana?

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza kwa sababu ya magunia mawili ya maharagwe, na makala hii ndiyo jibu nililolipata.

Mama yangu huuza nafaka hapa Malaba. Mwaka jana alimkopesha mteja wake wa upande wa Uganda magunia mawili. Mteja aliahidi kulipa baada ya wiki mbili, kisha akapotea kabisa. Pesa hizo ndizo zilikuwa karo yangu ya muhula wa pili. Majirani wakamwambia mama, "Sahau hizo, dada. Korti za kule ni za kule. Wewe Mkenya utasikizwa na nani?" Mama akanigeukia akasema, "Wewe ndiye unayesoma. Hebu uliza, korti ya ng'ambo ikoje?"

Basi nikamwendea mwalimu wetu wa Historia, halafu mzee jirani yetu ambaye zamani alikuwa mkalimani wa korti. Mzee alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, hizo korti ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja."

Kwanza, mpaka wenyewe ulitukuta hapa. Hadi mwaka 1902 sehemu zetu hizi, mpaka Naivasha, zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakazihamisha, zikawa upande wa huku. Pili, sheria walizozitumia hazikutoka kwao moja kwa moja. Amri ya Malkia ya mwaka 1897 ilileta sheria za Bara Hindi: ya kesi za madai, ya makosa ya jinai na ya ushahidi. Zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa mpango na maofisa walikuwa wamezizoea, kwa hivyo hawakuona haja ya kutunga mpya.

Baadaye kila nchi iliandika sheria yake ya utaratibu wa kesi za madai, Kenya mwaka 1924 na Uganda mwaka 1929. Lakini zote mbili ziliigiza ile ya Bara Hindi ya mwaka 1908. Kwa mfano, kifungu cha 7 cha sheria ya Kenya chasema kuwa jambo likishaamuliwa kati ya watu fulani, watu hao hawawezi kulifungulia kesi nyingine. Sheria ya Uganda inasema hayo hayo, karibu neno kwa neno.

Isitoshe, tangu mwaka 1902 kulikuwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Mahakama hiyo ilisikiliza rufaa za nchi zetu zote, kwa hivyo uamuzi wa kesi ya Kampala ulifuatwa Nairobi pia. Mwaka 1969 iliamua kesi ya Mukisa Biscuit kutoka Uganda, ikaeleza pingamizi la awali ni lipi. Mawakili wa Kenya wanaitaja mpaka leo. Nayo kesi ya Giella, iliyotoka Kenya mwaka 1973, ilieleza masharti ya kupata amri ya kumzuia mtu kwa muda, na majaji wa Uganda waliifuata.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mahakama hiyo ikafa pamoja nayo. Nyumba ilibomoka, ndugu wakagawana vyombo, na kila mmoja akaanza kupika kivyake. Hapo ndipo mtu huziona tofauti. Ile ambayo sisi wanachama wa Kiswahili tunapaswa kuijua ni ya lugha. Sheria ya Kenya inaruhusu korti za mahakimu zitumie Kiingereza au Kiswahili. Ya Uganda inasema lugha ya korti zote ni Kiingereza, na asiyekijua hutafutiwa mkalimani. Kwa hivyo maneno ambayo mama angeyasema mwenyewe mbele ya hakimu kule Busia, ng'ambo yatapita katika mdomo wa mtu mwingine.

Hata hivyo ndugu hawa bado wanachunguliana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliwaambia majaji watende haki bila kufungwa mno na ufundi wa utaratibu. Katiba yetu ya mwaka 2010 ikasema vivyo hivyo. Uganda ilitunga kanuni za madai madogo mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi zao milioni 10, na mdai hujisemea bila wakili. Kenya ilipitisha sheria yake ya madai madogo mwaka 2016, na kiwango chake kilifikia shilingi milioni moja.

Marekani wao walikwenda kinyume chetu. Mwaka 1872 bunge lao liliamuru korti za taifa zifuate, kadiri iwezekanavyo, utaratibu wa kesi za madai wa kila jimbo zilimo. Mawakili wakasumbuka, maana kila jimbo lilikuwa na lake. Mwaka 1938 korti za taifa zikapata kanuni zao moja, na majimbo mengi yakaja kuziiga. Wao walianza na nyingi wakapata moja. Sisi tulianza na moja tukapata nyingi.

Je, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Arusha mwaka 2001, hufuata za nani? Ina kanuni zake yenyewe. Lakini ikiamuru mtu alipe pesa, mkataba wa mwaka 1999 wasema zikusanywe kwa utaratibu wa nchi ambako hukumu inatekelezwa. Yaani ukiingia jikoni mwa mwenzio, unatumia sufuria zake.

Na mama je? Mzee alimshauri aende ng'ambo, kwa kuwa hukumu haina faida ikiwa mali ya mdaiwa iko mbali na mkono wa korti. Kwanza tuliandika barua ya kudai. Siku tano baadaye tulilipwa gunia moja! La pili likabaki maneno matupu, kwa hivyo mama akapanda bodaboda hadi kortini. Aliporudi alisema, "Wameniuliza yale yale ya huku: nani, kiasi gani, lini, na shahidi ni nani." Sasa tunangoja siku ya kesi.

Kwenu nyinyi ambao wazazi wenu hufanya biashara mpakani, nawasihi: deni liandikwe na litiwe sahihi, hata kama ni la gorogoro moja. Karatasi hiyo itasomeka pande zote mbili. Kwa hayo machache naitua kalamu yangu.