Kaskazi na mimea ya majani manene

Kaskazi ikianza kuvuma Desemba, wapenda maua wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huanza kuiogopea mimea yao. Kila jioni mishubiri na mawaridi ya jangwani hunyweshwa, na kabla msimu haujaisha baadhi yake imeoza shina. Lawama huenda kwa jua. Mimi naona huku pwani jua linasingiziwa, kwani muuaji mkubwa wa mimea hii ni udongo uliolowa katika usiku wa joto.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa ya ukaa. Mshubiri hufanya hivyo usiku, kukiwa na ubaridi, na huihifadhi hewa hiyo ndani ya jani kama asidi. Kukipambazuka hufunga vitundu na kuitumia kujitengenezea chakula, hivyo haupotezi maji mengi juani. Utaratibu huu unahitaji usiku uliopoa. Januari na Februari usiku wa pwani ni wa fukuto, basi mmea hupunguza kasi na mizizi hunywa kidogo. Maji ya kila siku hubaki chunguni, na kuvu wanaoozesha mizizi hustawi humo.

Ndiyo maana ekeveria, ile yenye majani yaliyojipanga kama ua, hupendeza Nairobi, Arusha na Lushoto lakini hudhoofika Mombasa. Asili ya nyingi kati yake ni nyanda za juu za Mexico, ambako usiku ni baridi. Mkazi wa pwani atapata raha zaidi kwa waridi la jangwani na mnyaa, mimea ya Afrika inayolijua joto letu.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu. Kikitoka na udongo ulioshikamana nacho, ahirisha. Kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi mapema mpaka maji yatiririke chini, kisha ondoa kisahani. Udongo uwe mwepesi, wenye kokoto ndogo na mchanga mnene wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Viriba vyeusi tunavyonunulia miche hushika joto vibaya sana vikiachwa kwenye sakafu ya saruji. Hamishia mmea kwenye chungu cha udongo chenye tundu, na usiuegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Jua lenyewe lina haki yake. Mwanzoni mwa Machi, Dar es Salaam, jua la saa sita huwa utosini kabisa. Mmea uliozoea kibaraza ukitolewa nje ghafla hupata mabaka meupe au ya kahawia, makavu kama karatasi, na kovu hilo halifutiki. Uzoeshe kidogo kidogo kwa jua la asubuhi. Mshubiri ukigeuka rangi nyekundu ya kutu, usihangaike; unajikinga, na ukipata kivuli kidogo kijani hurudi.

Waridi la jangwani linataka macho zaidi. Bonyeza kitako chake kwa kidole gumba. Kikibonyea kote na ngozi ikawa na mikunjo huku udongo ni mkavu, lina kiu. Kikiwa laini upande mmoja karibu na udongo, chenye rangi ya kahawia na harufu, limeoza. Ling'oe, kata hadi nyama safi, lianike kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande upya. Vaa glavu, maana utomvu wake ni sumu iliyowahi kupakwa kwenye mishale. Wa mnyaa nao ukiingia jichoni unaweza kupofusha, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Baada ya kaskazi masika hufuata mara, kwa kawaida kuanzia Machi, na mvua zake huangukia mizizi ambayo tayari imechoshwa na joto. Mawingu yakianza kujikusanya, sogeza vyungu vyako chini ya upenu. Usingoje mvua ya kwanza.