Fundo la Ulimi na Riziki ya Mzungumzaji

Katika mwambao wa Kilwa na Lindi, wengi wetu tulisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza siku ya Maulidi ya madrasa, magoti yakitutetemeka. Hapo ndipo kazi ya uzungumzaji huanzia. Nabii Musa (A.S.), alipotumwa kwa Firauni, aliomba afunguliwe fundo la ulimi, na nduguye Harun awe msaidizi wake.

Kijana anayetafuta riziki kwa njia hii na aanze kwa kusherehesha harusi na kuongoza hafla za shule. Apatane ujira mapema, autunze muda, wala asiseme asilolijua kwa tamaa ya bahasha.

Nasi wazazi, mtoto akikwama jukwaani, tusimcheke. Tuwe Harun wake.