Madhara ya tiba ya saratani si ya pembeni kwa anayeuguza

Lugha ya tiba imezoea kuyaita mateso yanayoletwa na dawa "madhara ya pembeni". Istilahi hiyo imekwisha kukubalika, wala sikusudii kuzozana na walioibuni. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kumuuguza mume au mke anayetibiwa saratani atakubaliana nami kwamba hakuna lolote la pembeni katika madhara hayo. Daktari huutazama uvimbe, na kwake kichefuchefu ni jambo la kando. Nyumbani mambo huwa kinyume: uvimbe hauonekani, ilhali kichefuchefu huketi nasi mezani asubuhi na jioni.

Nayasema haya si kama tabibu, maana fani yangu ni isimu. Nayasema kama mume ambaye mkewe alipatikana na limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, na ambaye alihesabu naye awamu sita za kemotherapia. Nililojifunza ni hili: kila dhara lina jina lake, majira yake na tendo linalolifaa. Anayeuguza bila ya kuyajua majina hayo kwa lugha anayoielewa barabara ametumwa vitani mikono mitupu.

Limfoma si maradhi ya kigeni kwetu. Ni kweli kwamba Thomas Hodgkin wa Uingereza alieleza aina mojawapo mwaka wa 1832. Lakini aina nyingine mashuhuri ilielezwa papa hapa Afrika Mashariki mwaka wa 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyehudumu mjini Kampala, baada ya kuwachunguza watoto waliovimba mataya. Tangu hapo aina nyingi zimetambuliwa, na matibabu yake yanatofautiana. Mke wangu alipewa mchanganyiko wa dawa nne ambao madaktari huuita CHOP, na ambao kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21.

Dawa hizi huzishambulia chembe za mwili zinazogawanyika kwa kasi. Saratani hugawanyika kwa kasi. Lakini vivyo hivyo hufanya mizizi ya nywele, utando wa kinywa na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hutokwa na vidonda kinywani na hupungukiwa na damu. Mwenye kulielewa hilo hatasema kwamba mgonjwa "amezidiwa" kila anapoona dalili mpya. Atajua kwamba nyingi za dalili hizo ni vumbi la vita vyenyewe.

Chukua mfano wa siku ya kwanza. Mojawapo ya dawa hizo, doxorubicin, ni nyekundu kama sharubati, na humfanya mgonjwa akojoe mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili. Asiyeambiwa mapema hudhani ni damu, na nyumba nzima hutaharuki. Dawa ya pili, cyclophosphamide, yaweza kukichoma kibofu, na kwa hivyo mgonjwa huhimizwa kunywa maji kwa wingi. Akiona maumivu, au wekundu usiokoma, daktari aarifiwe. Na kwa muda wa saa 48 hivi, anayeosha matapishi au mkojo huvaa glavu, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka kwa njia hiyo.

Dawa ya tatu, vincristine, asili yake ni mmea wa Madagascar wenye maua ya waridi au meupe, ambao siku hizi hupandwa kama pambo katika bustani nyingi. Hiyo huleta ganzi vidoleni na kufunga choo. Ya nne, prednisone, ni vidonge vya siku tano ambavyo humnyima mtu usingizi, na kwa hivyo hufaa kumezwa asubuhi pamoja na chakula. Kabla hatujalizingatia hilo vilivyo, mke wangu alikuwa akipanga upya makabati ya jikoni saa nane za usiku!

Kuhusu kichefuchefu, dawa ya kukizuia humezwa kwa saa zilizoamriwa, pasipo kungoja mgonjwa atapike. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kali kama cha moto, na vijiko vichache mara sita kwa siku hushinda sahani iliyojaa mara moja. Nilijaribu kumkaangia mboga alizozipenda sana hapo awali. Aliniita kutoka chumbani: "Baba watoto, kitunguu hicho ukakikaangie kwa jirani." Tulicheka sote, na tangu siku hiyo nikawa nauliza kwanza kabla ya kupika. Mapenzi ya kukisia yanachosha pande zote mbili.

Sasa nije kwenye neno lililo zito kuliko yote: homa. Baina ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi baada ya dawa, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa chache mno. Katika siku hizo, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Mgonjwa hupelekwa hospitalini saa hiyo hiyo, usiku au mchana, wala hapewi vidonge vya kutuliza homa na kuambiwa angoje kuche. Lakini tazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha Kenya, "homa" ni joto la mwili, ni mafua, na kwa wengine ni malaria. Muuguzi akisema "akishikwa na homa mlete", msikilizaji mmoja ataelewa nyuzi 38 na mwingine ataelewa kamasi. Tofauti ya fahamu hizo mbili yaweza kuwa uhai wa mtu.

Usiku wa siku ya kumi baada ya dawa ya awamu ya pili, mke wangu alisema anasikia "kibaridi tu". Kipimajoto kikaonyesha 38.4. Tulipofika kwenye lango la hospitali, sikusema kwamba mgonjwa wangu hajisikii vizuri. Nilisema: "Yuko kwenye kemotherapia, leo ni siku ya kumi, na joto lake ni 38.4." Maneno hayo machache yalitupitisha mbele ya foleni, na muda si muda alikuwa akitiwa dawa za viuavijasumu mshipani. Siku nne baadaye tukarudi nyumbani. Nimefundisha sarufi miaka mingi, lakini sijapata kuitamka sentensi iliyofanya kazi kubwa kuliko ile.

Siku hizo hizo za hatari ndizo majirani na jamaa hupenda kuja kumjulia hali mgonjwa. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa majuma yale methali hiyo ilitubidi tuigeuze, kwani mwenyeji hupona mgeni anapokawia. Tuliwaomba wenye mafua wasubiri, na waliofika wakanawa mikono kabla ya kusalimia. Wachache walinuna. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa nasi, aliwatuliza kwa kuwaeleza kwa lugha nyepesi kwamba "askari wa damu wamekwenda likizo".

Hapa walimu nao wana dhima. Tetekuwanga au surua ikizuka darasani, mzazi aliye kwenye kemotherapia anapaswa kuarifiwa siku hiyo hiyo, maana ugonjwa ambao mtoto wake atauvumilia waweza kumwangamiza yeye. Vilevile, mwanafunzi anayesinzia darasani pengine amekesha akimshikia mama yake beseni. Swali la upole litafaa zaidi kuliko kiboko cha maneno.

Kwa upande wetu tuliweka daftari lenye safu tatu: siku, dalili, na tulichofanya. Mke wangu ndiye aliyekuwa akichagua maneno. Alitenganisha uchovu, unaoisha kwa usingizi, na unyong'onyevu, ambao huamka nao. Aliandika ganzi ilipokuwa kwenye ncha za vidole, kisha ilipomzuia kufunga vifungo vya blauzi. Kwa kuyasoma hayo, daktari aliipunguza dawa ya vincristine katika awamu ya tano. Kama tungalisema tu kwamba "mikono inamsumbua", sidhani kama angalikuwa na la kushika.

Lakini karatasi ya maagizo tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Mimi niliisoma, mama mkwe, aliyeshinda na mgonjwa kutwa nzima nilipokuwa kazini, hakuweza. Ilinibidi niifasiri mwenyewe kwa mkono. Je, nyumba isiyo na wa kufasiri hufanyaje? Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inawataka watoa huduma wamweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, wenye kipimo cha joto na nambari ya simu ya wadi, hauhitaji bajeti ya kutisha. Idara zetu za Kiswahili vyuoni zaweza kuutayarisha kwa kushirikiana na wauguzi, na walimu wa shule za upili waweza kuwapa wanafunzi zoezi la kueleza dalili kwa usahihi, badala ya insha ya ajali ya barabarani kila muhula.

Mke wangu alimaliza awamu zake zote sita, na sasa huenda kliniki kwa uchunguzi wa mara kwa mara. Wanafunzi wangu nami huwakumbusha kwamba "kuugua" na "kuuguza" ni vitenzi vya mzizi mmoja. Lugha yenyewe haikumweka pembeni yule anayeuguza. Wenye kuandika maagizo ya dawa wasimweke pembeni pia.